Mwaija Aondoa Cheti

Tangu Mwaija binti Salumu aandikishwe kuwa mwakilishi wa wafanyakazi, hakuna aliyethubutu kumwita kishoka, yaani mtetezi wa njiani asiye na kibali. Zamani jina hilo liliwaandama wote waliowasimamia wenzao bila kuwa mawakili. Walikuwapo watu waliozurura nje ya ofisi za usuluhishi, asubuhi wakimtetea mfanyakazi, mchana wakielewana na mwajiri wake kwa siri. Ndipo zikaja kanuni: asiye wakili akitaka kumsimamia mwenzake, aandikishwe, asaini hati ya maadili, na akiyavunja afutwe. Mwaija aliishia darasa la saba, na kwa miaka kumi na minne alikuwa akichambua maembe na mananasi katika kiwanda cha kufungasha matunda njia ya Makurunge. Alizisoma kurasa zote tisa za hati hiyo kabla ya kutia saini.

Kesi yake ya nne ilikuwa ya Ashrafu, kijana wa mashine ya kuoshea matunda kiwandani humo, aliyefukuzwa kwa kutoonekana kazini siku nne. Ashrafu alisema alikuwa mgonjwa, akaleta nakala ya cheti cha zahanati, na Mwaija akaiwasilisha.

Asubuhi ya shauri, kwenye benchi nje ya chumba cha mwamuzi, Ashrafu alimkabidhi cheti chenyewe. Mwaija akakiinua kwenye mwanga. Siku za mapumziko zilikuwa nne, lakini nne ile ilikuwa ya wino wa bluu, imepitishwa juu ya moja ya wino mweusi. Kwenye nakala haikuonekana.

Alimuuliza taratibu, na Ashrafu akakiri. Aliumwa siku moja tu. Siku tatu alikuwa kwao Fukayosi akimuuguza mama yake aliyevunjika nyonga. Alimpigia simu msimamizi wake kuomba ruhusa, naye akamjibu kwa ukali kwamba basi abaki huko huko. Ashrafu aliona ugonjwa wake mwenyewe ungekuwa na uzito zaidi kuliko wa mama.

"Dada Mwaija, nani atajua?" alisema. "Wewe nyamaza tu."

"Mimi nimeshajua, mdogo wangu. Nikinyamaza, uongo huu utakuwa wangu pia. Nitakiondoa hiki cheti, halafu nitausema ukweli wako wote. Kama unataka mwakilishi mwingine, niambie sasa hivi."

Ashrafu aliondoka kwa hasira hadi getini. Akasimama huko kitambo, kisha akarudi, akaketi, akamwambia aendelee.

Ndani, Mwaija aliomba kusema kwanza. Alieleza kuwa cheti kimebadilishwa, kwamba anakiondoa, na kwamba kosa la kuwasilisha nakala bila kuona karatasi yenyewe ni lake. Liandikwe kwa jina lake. Khairiya, wakili wa kiwanda, alikuwa tayari ameshika barua kutoka zahanati ya kukikana cheti hicho. Aliitazama, kisha akairudisha ndani ya faili.

Mwamuzi alimkemea Ashrafu vikali, akampa Mwaija onyo, akaruhusu shauri liendelee.

Hapo Mwaija akamgeukia ofisa utumishi wa kiwanda. Ashrafu aliitwa lini kujieleza kabla ya kufukuzwa? Hakuitwa. Barua ya tuhuma iko wapi? Haikuwapo. Msimamizi naye, alipoulizwa kuhusu simu, alijikuna shingo na kukubali kwamba aliipokea.

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki tatu. Ashrafu arudishwe kazini, akiwa na onyo la maandishi kwa kughushi cheti. Mwamuzi aliandika kwamba habari ya mama na ya simu aliiamini kwa kuwa upande ule ule ulikuwa umelifichua kosa lake wenyewe.

Kwenye ngazi, Khairiya alimpa mkono. "Hongera, wakili."

"Ahsante, mama. Lakini mimi si wakili," Mwaija alimjibu, kifua mbele. "Mimi ni mwakilishi, nimeandikishwa."

Jumatatu Ashrafu alirudi kwenye mashine yake. Wakati wa chai alisimama katikati ya wenzake, akawasimulia yote, na ule wino wa bluu hakuuficha. Kisha akamwonyesha Mwaija kwa kidole, akasema, "Yule pale ndiye aliyenisimamia." Watu wote wakageuka. Mwaija aliinamia kikombe chake, maana tabasamu lilikuwa limemshinda.