Mashahidi wa Bwana Hamid

Baba yetu, Bwana Hamid, walimchukua akiwa katikati ya kicheko, nyumba imejaa watu kama kawaida. Inspekta Ndirangu, mtu wa bara, aliingia na askari wawili, hati hana. Alimtafuta mtu aliyelala kwetu juzi, waliyesema ni shifta, jambazi wa msituni.

"Jina lake nani?"

"Simjui jina," baba akajibu.

"Amekula kwako, amelala kwako, na jina hujui?"

"Bwana, nti hii yetu ya pwani mgeni haulizwi jina kabla ya siku ya tatu. Yule aliondoka siku ya pili."

Ndirangu alicheka. "Mimi hata mbuzi wangu nawajua majina." Wakamtia pingu mbele ya wageni wake.

Kesho yake jua likatua, kortini hajafikishwa. Mwalimu Fanuel, mpangaji wetu, akanisindikiza kituoni.

"Katiba inasema aambiwe kosa lake, aonane na wakili, na afikishwe mahakamani ndani ya siku moja," alisema.

"Hiyo kawafundishe watoto, Mwalimu," Ndirangu akamjibu. "Huku tuna hali ya hatari. Lakini kama kuna wanaomjua vizuri, waje. Nitawasikiliza."

Kwetu Wiyoni neno likizaliwa asubuhi, adhuhuri lina wajukuu. Mtaa mzima ukamiminika kituoni kama unakwenda arusini, mbele yao jirani yetu, Bi Mwanaarabu.

"Hamid huyu? Nyumba yake haina komeo! Waje wa Mkunumbi, waje wa msituni, wasiojua hata Kiswahili, wote hula kwake!"

"Hata usiku?" Ndirangu akauliza polepole, kalamu mkononi.

"Usiku wa manane! Tena huwafungia na chakula cha ndia, wasife njaa safarini!"

"Wallahi kweli!" mtaa ukaitikia.

Nikamvuta buibui. Akanipiga kofi mkononi. "Niache, Nur! Namsifu babako!"

Ndirangu aliwashukuru wote kwa adabu kubwa, akafunga mlango.

Baba akakaa ndani hadi ndevu zikamfika kifuani. Kortini hakupelekwa. Wakili aliyetoka Mombasa aliambiwa arudi wiki nyingine, na wiki hiyo haikufika. Halafu asubuhi moja askari akamfungulia. "Nenda, mzee." Kosa lake hakuambiwa. Pole pia hakupewa.

"Tuwashtaki," Mwalimu Fanuel alisema njiani. "Haki yako iko palepale."

"Na mashahidi?" baba akauliza. "Hao hao?"

Siku hiyo nilipika pilau ya kulisha mtaa, nikaacha mlango wazi. Watu walipita. "Alhamdulillahi, Bwana Hamid!" walisema kutoka nje, miguu haisimami, nani anataka kuonekana anakula kwa mtu wa shifta? Bi Mwanaarabu alipita upande wa pili wa kichochoro, uso kaufunika wote.

Tukala watatu, baba, mimi na Mwalimu. Baba alikuwa akikitazama kizingiti kila kivuli kilipopita, kisha akaacha kutazama.

"Kesho, mwanangu," akasema, "pika kibaba tu."