Diski Iliyomngoja Mgeni Rasmi

Usiku wa jana niliota niko kazini, maana mimi hata usingizini sipumziki. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya seva ya hospitali yetu ya wilaya, ile ile iliyonishinda mchana kutwa. Ndani yake kuna diski mbili zinazotunza mafaili ya wagonjwa, na moja imekufa, seva ikawa nzito hata faili moja halifunguki. Ikifa na ya pili, mafaili yote yamekwenda. Na wodini amelala shangazi yangu Stumai anasubiri kupasuliwa, na daktari kasema hagusi kisu mpaka aone faili linaloeleza ni dawa gani ya usingizi inayomdhuru.

Basi nikaanza kama tulivyofundishwa: kabla hujagusa seva, jitoe umeme mwilini.

"Uache hapa," mlinzi akasema, akanisogezea beseni.

Nikanyoosha vidole. Umeme ukachuruzika, wa buluu, nusu beseni hivi. Mlinzi akaumimina kwenye birika lake, akaanza kuchemsha chai.

"Una umeme mwingi, fundi. Hujaoa nini wewe?"

Nikamwacha hivyo hivyo, kwani mlinzi wetu ukimjibu hamalizi.

Nafungua mfuniko. Diski ya juu inawaka taa nyekundu, maana yake ndiyo iliyokufa. Ya chini inawaka kijani, inahema, jasho linaitoka.

"Shikamoo," naiambia ya juu.

"Marahaba," inajibu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kufunguliwa mlango wa gari.

"Mzee, nimekuja kukutoa. Umekufa."

"Nani kakwambia? Hii taa nyekundu ni ya cheo."

"Mbona huandiki hata faili moja?"

"Mimi siandiki. Mimi nasimamia. Anayeandika ni huyo hapo chini, kaimu wangu."

Kaimu akainua macho. "Kaka, samahani, fanya haraka kidogo. Nimembeba yeye na wagonjwa wote. Mgongo unakatika."

Nageuka kuchukua diski mpya, nakuta chumba cha seva kimekuwa ukumbi. Viti vimevishwa vitambaa vyeupe, spika zinakoroma, MC anajaribu maiki. Meza kuu amekaa Dokta Mbwilo, mganga mfawidhi wetu, ana ua kwenye koti.

"Fundi, mkuu hachomolewi kama muhogo," akaniambia. "Mkuu anaagwa. Na atakayezima umeme ni mgeni rasmi."

"Dokta, diski hizi hutolewa seva ikiwa inawaka. Hakuna cha kuzima."

"Basi atakata utepe."

"Yuko wapi?"

"Njiani."

Kwetu mgeni rasmi akiwa njiani, ujue bado anaoga.

Kwa nyuma namwona shangazi, kalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, kavaa gauni la hospitali. Kila MC anapotaja jina la mkubwa, yeye anapiga makofi kwa adabu.

"Dokta, shangazi yangu atakufa."

"Suala hilo linafanyiwa kazi. Kwa sasa, ili ratiba isikwame, mtoe huyo kaimu. Hajathibitishwa, hana wa kumlilia."

Hapo woga ukanikamata. Mkataba wangu anausaini Dokta Mbwilo, na mimi si jasiri, nasema ukweli. Nikamshika kaimu, nikamvuta kidogo. Hakubisha. Alifumba macho akasema, "Sawa, kaka."

Nikasikia shangazi akiita. "Mwanangu, hivi mimi nani?"

Nikageuka. Kwenye kibao cha kitanda chake jina lilikuwa limebaki Stu. Miguu yake ilikuwa imeshafutika hadi magotini, na mwenyewe anaitafuta chini ya shuka.

"Stumai," nikamwambia. "Stumai binti Kombo. Wewe ndiye uliyenilea." Nilikuwa nalia mbele ya meza kuu, na wala sikuona haya.

Nikamrudisha kaimu mahali pake, nikamsukuma taratibu mpaka akakaa sawasawa. Kisha nikamshika mkuu kwa mikono miwili.

"Sijasomewa risala," akasema.

"Utasomewa huko huko."

"Na picha ya pamoja?"

Nikamvuta. Alitoka kirahisi mpaka nikaanguka chali, kumbe alikuwa ameegemea tu. Dokta Mbwilo akainama kumnong'oneza MC, na MC akatangaza kwamba chakula kitachelewa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa kamati. Nikapachika diski mpya. Ikamwamkia kaimu shikamoo, ikaanza kunakili kimyakimya. Miguu ya shangazi ikarudi, mmoja mmoja, wa kushoto kwanza.

Nikaamka. Simu ilikuwa inaita, na aliyepiga ni yeye mwenyewe.

"Wameniita chumba cha upasuaji, mwanangu. Faili limeonekana. Hawajui nani kalitengeneza."

Nikakaa kitandani, machozi yakanitoka.

"Sasa unalia nini? Hebu nisikilize. Hapa kwenye benchi kuna mzee mmoja wa suti, ana taa ndogo nyekundu kifuani. Chai hataki, nyumbani hataki kwenda. Kazi yake kuuliza kila anayepita kama mgeni rasmi ameshafika. Nimjibu nini?"

Nikamwambia amjibu kwamba yuko njiani.