Sentensi Ishirini za Mama Lusweti

Mama Lusweti alijifunza Kifaransa kwa mkasi. Nduta, mwalimu wake, alikuwa ameanza na ubao, kisha akajaribu kitabu chake cha chuo chenye picha za watu wanaokula mikate mirefu, akaona vyote vinampita mama wa watu kama upepo wa dirishani. Siku ya tatu alikiweka kitabu kando, akachukua kikaratasi, akaandika: nous chantons.

"Hii ni 'sisi tunaimba'," alisema. "Huo mkia, ons, ndio pindo. Kata."

Mama Lusweti, aliyekuwa ameshona sare za shule kwa miaka thelathini na mmoja kwenye kibaraza cha nyumba yake katika mtaa wa Jericho, Nairobi, alikata bila kuuliza.

"Sasa shona pindo jipya. Yeye ni ait. Chantait. Alikuwa akiimba. Mimi, ais. Wewe, ais. Sisi, ions. Nyinyi, iez. Wao, aient. Kitambaa ni kilekile, unabadilisha pindo."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, mama."

"Na wewe ulikaa chuoni miaka miwili kwa hili," Mama Lusweti alisema, na tangu hapo wakaelewana.

Jina la Mama Lusweti alilopewa na wazazi ni Truphena, lakini mtaani hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mama Lusweti, na alibaki hivyo hata baada ya Lusweti mwenyewe kufa. Mwanawe huyo wa pekee alikwenda Ufaransa, mji wa Lille, akapata kazi ya upishi, akaoa, akazaa mtoto wa kike, akagongwa na lori akitoka kazini. Walimzika hukohuko. Kaburi lake mama yake alilijua kwa picha. Mtoto, Élodie, alikuwa na miaka miwili wakati huo. Sasa alikuwa na minane, na hakuwa na neno hata moja ila la Kifaransa.

Mjane, Nathalie, alikuwa ameandika ujumbe kwa Kiswahili kilichotafsiriwa na simu. Ulisema: "Msichana anauliza baba alikuwa mtu wa namna gani. Jumapili ya mwisho saa tisa ya Nairobi unaweza kumwambia. Ikimfaa itakuwa kila mwezi. Ikimuumiza basi sisi tunaacha." Mama Lusweti alimpelekea Nduta ujumbe huo akiwa ameushika kwa mikono miwili, simu nzima, kana kwamba ungemwagika.

Walikuwa na wiki tatu.

Nduta alitaka kukaa karibu na kutafsiri. Mama Lusweti alikataa. "Huyo mtoto ataisikia sauti yangu. Mkalimani akisimama katikati, bibi ni mkalimani. Wewe utakaa pale kwenye stuli, nje ya picha, na mdomo wako utaufunga."

Basi ikabidi Mama Lusweti akariri. Na kukariri, Nduta alikujua. Katika shule aliyosoma, Kifaransa kilikaririwa kama katekisimu: mwalimu anapiga meza, darasa linaitikia, anayeitikia bila kukosea anapata A. Yeye alipata A. Chuoni alipata stashahada. Mfaransa wa nyama na damu aliyewahi kuongea naye alikuwa mmoja, mtahini aliyetikisa kichwa kwa dakika kumi na kuandika alama. Hilo hakumwambia Mama Lusweti. Hakuna aliyemuuliza.

Wakatunga sentensi ishirini. Ton père habitait ici, baba yako alikuwa akiishi hapa. Il jouait au ballon devant la maison, alikuwa akicheza mpira mbele ya nyumba. Il chantait à l'église, alikuwa akiimba kanisani. Il aimait les chapatis. Nous marchions jusqu'à Makadara, tulikuwa tukitembea hadi Makadara. Il m'attendait devant la porte, alikuwa akiningoja mlangoni. Kila moja ilikatwa, ikashonwa pindo, ikabanwa kwa pini kwenye kitenge kilichotundikwa ukutani, na Mama Lusweti aliipita akikanyaga cherehani, ya kwanza mpaka ya ishirini, bila kupumzika katikati.

"Mama Lusweti, kwani unahamia Kinshasa?" Okumu, fundi wa redio wa nyumba ya pili, alimpigia kelele kupitia ua.

"Nikihamia nitakuachia cherehani, angalau na wewe ujue kazi."

Siku moja Mama Lusweti alisimamisha mguu kwenye cherehani. "Na kufa? Pindo lake ni lipi?"

"Kufa kuna umbo jingine," Nduta alisema. "Ni jambo la mara moja, limepita. Hili letu ni la mambo yaliyokuwa yakifanyika, siku nenda siku rudi, husemi yalianza lini wala yaliisha lini."

Mama Lusweti alifikiri. "Basi la kufa tuliache. Hilo analijua."

Wiki ya mwisho zilibaki sentensi mbili. Nduta aliandika nous pleurons akampa mkasi.

"Hii ni nini?"

"Tunalia. Il pleurait, alikuwa akilia. Nilifikiri watoto wote hulia, itakuwa karibu naye."

"Itoe."

"Mama, ni neno tu."

"Mtoto anayemtafuta baba yake, halafu nimpe kilio? Itoe, mwalimu. Tafuta ya kuruka, ya kucheka." Alikichukua kikaratasi kizima, na mkia wake, akakichoma kwa sindano kwenye kijimto cha pini. Nduta akaandika ya kuruka.

Jumapili ile Mama Lusweti alitoka kanisani na gauni lake la Umoja wa Akina Mama, hakulivua. Simu iliegemezwa kwenye mwili wa cherehani. Nduta alikaa kwenye stuli, nje ya picha. Saa tisa na dakika mbili ikaita.

Mtoto alikuwa na paji la uso la Lusweti. Nduta alilijua kutokana na picha iliyokuwa juu ya kabati, na kwa jinsi Mama Lusweti alivyoshika ukingo wa meza. Mtoto alikuwa amekumbatia sungura wa kitambaa, sikio la sungura liko mdomoni.

"Bonjour, Élodie. Je suis ta grand-mère," Mama Lusweti alisema, akijitambulisha kuwa bibi yake, na akaanza. Alikwenda vizuri. Alikwenda vizuri kuliko mwanafunzi yeyote wa darasa la Nduta. Mpira, kanisa, chapati. Kwenye chapati mtoto alilitoa sikio la sungura mdomoni. Kwenye Makadara alisogea karibu na simu. Sentensi ya kumi na mbili ilipoisha, akauliza jambo.

Lilikuwa swali fupi, limesemwa haraka, na sungura alikuwa amerudi mdomoni. Nduta alilisikia lote na hakulielewa. Halikuwa na nafasi kati ya neno na neno. Halikuwa na ubao.

Mama Lusweti alitabasamu, akageuza macho kwenye stuli bila kugeuza kichwa.

Nduta alifungua mdomo. "Répète, s'il te plaît," alisema, na sauti yake ikatoka kama ya mtu anayesoma tangazo. Mtoto akashtuka kusikia mtu asiyeonekana. Akarudia, polepole kidogo, kwa sauti ya chini zaidi. Nduta akatikisa kichwa.

Na Mama Lusweti, aliyekuwa amekariri kamba ndefu isiyo na fundo, alifanya kitu pekee anachofanya mtu aliyekariri akikatizwa. Alirudi mwanzo. "Ton père habitait ici," alisema. "Il jouait au ballon devant la maison."

Mtoto aliuliza mara ya tatu. Sasa midomo yake ilikuwa inatetemeka.

"Il chantait à l'église," Mama Lusweti alisema, jasho likimtoka, akitabasamu. "Il aimait les chapatis."

Mkono wa mtu mzima ulipita mbele ya picha. Simu ikakatika.

Nduta aliinuka kwa sababu kukaa kulimshinda, akaanza kutoa vikaratasi kwenye kitenge, na pini akawa anazirudisha kwenye kijimto. Nous pleurons ilikuwa pale, imechomwa katikati. Aliitazama. Kisha swali likamrudia lote, neno kwa neno, jeupe kama sahani: Il pleurait, le soir, lui aussi? Na yeye pia alikuwa akilia jioni?

Angeweza kunyamaza. Simu ilitoa mlio, Mama Lusweti akamsomea ujumbe kwa kidole, silabi baada ya silabi. "Msichana analia sana. Yeye anafikiri bibi hataki kumjibu. Sisi tunaacha. Asante kwa juhudi."

"Aliuliza nini?" Mama Lusweti alisema.

Nduta akamwambia.

Mama Lusweti aliangalia chini ya cherehani, pale miguu inapokaa. "Kila jioni," alisema. "Giza likiingia tu. Mpaka darasa la nne. Nilikuwa nikimlaza hapa, juu ya mabaki ya vitambaa, akisikia mashine inakwenda ananyamaza." Akanyoosha mkono. "Nipe mkasi."

Alikata mwenyewe, akaandika pindo mwenyewe. Walipiga simu mara nne, haikupokelewa. Wakarekodi ujumbe wa sauti. Alisema kwamba ndiyo, alikuwa akilia, kila jioni: Oui, Élodie. Ton père pleurait. Chaque soir. Wakautuma, na chini yake ikatokea alama moja, ile ya ujumbe ulioondoka na haujafika. Ilikuwa moja jioni hiyo. Ilikuwa moja Jumatano.

Jumapili ya mwisho ya mwezi uliofuata, saa tisa, Nduta alikwenda Jericho bila kuitwa. Okumu alikuwa uani kwake na redio iliyofunguliwa tumbo. Alimwona, hakumtania, akarudisha macho kwenye waya zake. Mlango wa Mama Lusweti ulikuwa wazi nusu. Cherehani ilikuwa ikienda, simu imelala kando yake bila kuita, na juu ya mlio wa mashine sauti ilikuwa inapanda na kushuka, mpira, kanisa, chapati, Makadara, mpaka ya ishirini, kisha ya ishirini na moja, ile ya kilio, kisha tena kutoka mwanzo.

Nduta alisimama kizingitini akasikiliza ikizunguka mara mbili. Kila pindo lilikuwa mahali pake. Hakukuwa na kosa hata moja la kumsahihisha. Akageuka, akarudi alikotoka.