Fulahini

Miaka minne niliyochapa kazi kwenye steshenari ya Kajetani, pale Bombambili, hakuwahi kunitukana. Alinicheka tu. Ulimi wangu hautofautishi L na R, na vidole vyangu ni hivyo hivyo. Hata haya unayoyasoma amenisahihishia mdogo wangu. Siku niliyochapa wimbo wangu wa Pasaka nikauhifadhi kwa jina la "Fulahini", aliwaita wateja waje kusoma kwenye kompyuta. Tangu hapo nikawa Mama Fulahini, mpaka kwa bodaboda. Nilimeza, lakini sikusahau.

Nilipoacha kazi, wimbo ulibaki kwake, kwenye kompyuta na kwenye karatasi niliyoichapa. Mwaka huu kwaya ya parokia ikaandaa kitabu cha nyimbo, nami nikakuta humo: "Furahini. Mtunzi: Kajetani." Herufi alikuwa ameirekebisha. Ubeti wa pili, nilioutunga kwa ajili ya marehemu mama, alikuwa ameufuta. Nikaapa ataniona.

Mzee Egidi, mwenyekiti wa kwaya, akatukutanisha pale pale steshenari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Ushahidi unao?"

"Upo humu humu," nikasema, nikiigusa kompyuta.

Kajetani akacheka. "Wimbo nimeutunga Kwaresima iliyopita, mzee. Angalia." Akatafuta neno "furahini". Likatoka faili moja tu, lake, la mwaka huu.

Moyoni nilifurahi vibaya sana. Kumbe na faili langu alikuwa amelitafuta hivyo hivyo ili alifute, akalikosa. Kuliandika kosa langu, hata mara moja, kulimshinda. Tena nazijua tabia zake: kompyuta ikijaa anatengeneza folda, anatupia kila kitu humo, kisha folda hiyo anaitupia ndani ya nyingine.

"Nipishe kidogo, kaka." Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika:

dir /s *fulahi*

"Hiyo s ya nini?" akauliza Mzee Egidi.

"Inaiambia iingie kira folda, na zilizomo ndani ya folda, mpaka chini kabisa."

Kajetani aliacha kucheka. Jibu likatoka: Takataka\Takataka2\Nitapanga Kesho\Fulahini. Tarehe yake ilikuwa ya miaka mitano nyuma.

"Soma, kaka. Kwa sauti, folda moja moja."

Haikuwa lazima, mzee alishaona. Nilitaka tu kumsikia. Akasoma, sauti ikizidi kushuka. Nikalifungua faili, na ubeti wa mama ulikuwepo na L zake zote. Mzee Egidi akachukua kalamu mezani, akakata jina la Kajetani kitabuni.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," akasema.

Kajetani akanisogelea, jasho linamtoka. "Dada Lidwina, tafadhari, tuyamarize kimya kimya. Wateja wasisikie."

Wateja watatu walikuwa mlangoni wakisubiri fotokopi. Nikawageukia.

"Njooni msikie!" nikawaita. "Baba Tafadhari anaomba msamaha."