Msuko wa Avelina

Wanawake wa Kifaranji walipokuja kuazima mabeseni ya hamamu yangu, nyumba ya kuogea, nilidhani wanataka kuoshea majeruhi. Nikayatoa yote bila kinyongo, hata lile kubwa la shaba ambalo simpi mtu. Kumbe walitaka kuwatia binti zao ndani yake, katika maji baridi mpaka kidevuni, mbele ya Golgotha, kisha wawakate nywele. Makasisi wao walikuwa wamewaambia Mungu akiuona unyonge huo atamwondoa Sultani na jeshi lake ukutani.

"Na nyie Wasuryani, Wakristo wenzetu, mngeleta wenu," alisema Mabilia, mke wa mhunzi, huku akilibingirisha beseni langu mlangoni.

"Mimi sina binti," nikamjibu. "Na sijasikia Mungu ana upungufu wa nywele."

Ulikuwa mwaka wa 1187, na Yerusalemu ilikuwa imebaki ya wanawake. Waume zao walikwenda vitani Hatini, kule Galilaya, katikati ya kiangazi. Wengi wakauawa na kiu kabla upanga haujawafikia. Jirani yangu Hersenda, Mfaranji wa asili ya ng'ambo lakini aliyezaliwa papa hapa mtaani kwetu, naye aliondokewa na Gotie wake. Gotie ndiye aliyekuwa akiniletea maji hamamuni kwa nyumbu. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, lakini wito wa vita haukuuliza nani anaona na nani haoni. Walimpa viriba vya maji ya jeshi, akashika mkia wa nyumbu wake, akaenda.

Alikuwa na mchezo wake, huyo Gotie. Akirudi jioni, watoto wa mtaa walijipanga kimya wakizuia vicheko, naye akawapapasa vichwa kimoja kimoja. Akimfikia binti yake Avelina, mkono uliteremka na msuko hadi nchani, palipofungwa uzi wa sufu, akasema, "Huyu ni wangu." Hakukosea hata siku moja. Tulimtania kwamba tutamfunga punda msuko tuone atambusu wapi. "Fanyeni mtakavyo," alisema, "ila msiniguse huu. Bila huu, hapa kwangu mimi ni mpita njia."

Baada ya Hatini, Avelina alianza kuweka mtungi wa maji kizingitini kila adhuhuri, jua likiwa utosini. Baadaye ulikutwa mkavu.

"Baba kanywa," alisema mtoto, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mbwa kanywa," nikamwambia mama yake. "Au hawa wakimbizi. Mji umefurika, Hersenda. Nani hana kiu?"

"Kaa uangalie basi, shoga."

Nikakaa. Uchochoro ulikuwa mtupu, hata nzi hakuna. Maji yakashuka ndani ya mtungi taratibu, bila mdomo, bila sauti. Yalipokwisha, nikaona kwenye ukingo alama za vidole vitano, vumbi jeupe la njia ya Galilaya, ambalo mjini kwetu halipo. Niliingia ndani nikakomea mlango, na sitaki mtu anicheke.

Kwa hiyo Hersenda alipokuja kwangu na mkasi mkononi, sikuhitaji kuelezwa. Mawe yaliyorushwa na mitambo ya manjaniki ya Sultani yalikuwa yakipiga ukuta wa kaskazini tangu alfajiri, na kila yalipopiga, vikombe vyangu vilitikisika rafuni.

"Mabilia amekuja kwangu," alisema. "Kaniambia, 'Wote tunakata, mama Avelina. Ukimficha wako na ukuta ukaanguka, tutajua mlango wa kubisha.'"

"Mwambie Mungu asubiri kidogo."

"Unanicheka, Tekla."

"Nacheka kwa sababu naogopa. Wewe unafikiri nini?"

Avelina alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika msuko kwa mikono miwili. "Mama, atanipita. Hatanijua."

"Baba yako anaijua sauti yako, mwanangu."

"Hasikii tena. Namwita kila siku anywapo. Hageuki."

Hersenda alinitazama. Nikaenda kushika vikombe rafuni.

Niliwafuata Golgotha, nikijidai naenda kuchunga mabeseni yangu. Wasichana walikuwa wameketi majini safu nzima, midomo imewageuka bluu, na mama zao nyuma yao. Makasisi waliimba. Hersenda alikawia mpaka Mabilia akageuka kumtazama, kisha akafumba macho, akaukata msuko pale shingoni. Akabaki nao mkononi, akamaliza nywele zilizobaki kwa haraka, vibaya, huku akilia kwa sauti na hakuna aliyemshangaa, maana wengi walikuwa wakilia.

Kengele ya adhuhuri ikapigwa. Ndipo maji yalipoanza kupungua.

Yalianzia beseni la mwisho kushoto. Yalishuka kutoka kidevuni hadi mabegani, na kutoka mabegani hadi kifuani, na beseni halikuvuja, maana chini palikuwa pakavu. Kisha la pili, la tatu. Mama mmoja alivua shela akamfunika mwanawe. Makasisi waliimba kwa nguvu zaidi, ila sauti hazikulingana tena. Na juu ya kila kichwa kilichonyolewa, nikaona mstari wa vumbi jeupe ukijichora juu ya ngozi yenye maji, kutoka utosini kwenda kisogoni. Ulifika kisogoni, ukakosa kitu, ukahamia kwa binti mwingine.

Ukafika kwa Avelina.

"Baba, ni mimi," alisema.

Vumbi lilichora utosi wake, likashuka kisogoni, likasimama. Nikaona alama za vidole zikirudi juu, zikishuka tena polepole, zikitafuta. Hersenda alikuwa ameunyanyua ule msuko, anauweka hewani hapa na pale. "Huu hapa, Gotie. Huu hapa, bwana wee." Alama zikaacha. Beseni la pili yake likaanza kupungua.

Hersenda hakuutupa msuko pamoja na nywele za wengine. Aliutia kifuani akaenda zake nyumbani, na tangu siku hiyo mtungi wa kizingitini ulikutwa umejaa pomoni. Avelina aliumwaga kila jioni na kuujaza upya. Kuna mambo ya kutisha, lakini ule mtungi uliojaa ulinitisha kuliko ulipokuwa ukikauka.

Ukuta ukaanguka vilevile. Mji ukasalimishwa, Wafaranji wakaamriwa walipe fidia watoke. Sisi Wasuryani tukabaki. Hersenda alikuja kuniaga. Hakuchukua chungu wala blanketi, kiriba cha maji tu, kikubwa kupita nguvu zake. Na kichwa kilikuwa wazi. Alikuwa ameuunga msuko wa mwanawe kwenye nywele zake mwenyewe, nywele za kahawia ndani ya mvi, ukamfika kiunoni na uzi wake wa sufu nchani.

"Mke wa mtu kichwa wazi!" Mabilia alisema nyuma yetu.

Hersenda hakugeuka. "Nilimwogopa huyu," akaniambia, "kuliko nilivyompenda mume wangu. Umewahi kusikia upumbavu mkubwa kama huo?"

"Nimewahi," nikamwambia. "Nenda, dada. Maji usimalize njiani."

Nilisimama Lango la Daudi nikiwatazama. Jua lilikuwa utosini. Watu walitoka kwa msongamano, mizigo, mbuzi, vilio, na Hersenda nyuma ya wote, mwanawe kando yake na kilemba cha kitambaa kichwani. Walikuwa wamekwenda kiasi cha kutupa jiwe. Upepo haukuwapo kabisa, na bendera mpya mnarani ilikuwa imelala.

Ncha ya msuko ikainuka mgongoni mwake. Ikanyooka nyuma, ikabaki hivyo, imekazwa.

Hersenda alijikwaa kidogo. Hakutazama nyuma. Akapunguza mwendo, ule mwendo wake wa zamani wa kumwongoza Gotie kutoka sokoni, akikwepa mashimo kabla hajayafikia. Kisha Avelina akachukua kiriba begani kwa mama yake, akang'oa kizibo, akakiinamisha nyuma yao huku wakitembea.

Niliitazama ile njia muda mrefu. Haikulowa hata tone.