Nusu Mbili za Noti

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu ina miaka kumi na moja sasa, na bado naitembea.

Siku zile mjini kwetu, kando ya mto Delaware, sarafu za fedha zilikuwa adimu. Tulitumia noti za karatasi: mgongoni jani limechapwa, pembe zote mbili namba ya wino, na chini yake onyo kwamba kughushi ni kifo. Chenji ikikosekana, tulichana noti katikati, kila mtu akaenda na nusu yake. Serikali ilikataza, lakini serikali haikuwa na chenji ya kutupa. Nusu zilizokutana tulimpelekea Bi Keziah Tilton, mjane mwenye mkono mwepesi, azishone. Hakujua kusoma hata namba moja. Alilinganisha majani tu, na noti zote za shilingi kumi na mbili zilikuwa na jani lilelile.

Vuli moja nilibaki na nusu mbili za shilingi kumi na mbili, kila moja imetoka kwenye noti tofauti. Enos Vreeland, mkusanya kodi, alikuwa hapokei nusu. Basi nikampelekea Bi Keziah. Alizigeuza kwenye mwanga, akauliza, "Hizi ni ndugu, Jotham?"

"Baba mmoja, mama mmoja," nikamwambia.

Akacheka, akazishona vizuri mno.

Vreeland aliona namba mbili tofauti kabla sijatoka mlangoni pake. Hakimu alisema hatanyonga mtu kwa noti moja, ila sikio la aliyeghushi litakatwa. Lilikuwa langu au la Bi Keziah, aliyeitwa asimame kando yangu. Nikaweka mkono juu ya Biblia nikaapa kwamba mimi ni mtengeneza mapipa tu, namba sizijui, na nusu nilizompa zilikuwa za noti moja.

Bi Keziah hakulia. Alinigeukia akasema, "Jotham, waambie nilikuuliza nini."

Nikamwambia hakimu sikumbuki kuulizwa kitu.

Mji mzima ulikuwa pale. Kila nyumba ilikuwa na pipa langu, na kila pipa lilikuwa na namba niliyoichoma kwa mkono wangu. Lakini kila nyumba pia ilikuwa na nusu noti sandukuni, kwa hiyo walitazama viatu vyao. Niliwachukia kwa ukimya ule, na niliushukuru.

Sikio lake walilipigilia msumari kwenye nguzo sokoni, kisha wakalikata. Mtu mmoja akamwambia, "Si fundi wewe? Lishone basi." Watu walicheka. Nami nilicheka, tena kwa nguvu, nionekane nacheka.

Nilijaribu washonaji wengine. Walitoboa karatasi ovyo, noti zikakataliwa. Mwaka uliofuata nikabisha hodi kwake na nusu mbili mkononi. Alikuwa amevaa kofia ya kitambaa, imevutwa chini upande mmoja. Hakunitukana. Alitia uzi kwenye sindano, akazilaza nusu mezani mbele yangu.

"Nisomee namba," akasema.

Nikautazama mlango. Kodi ilikuwa ya kesho yake.

"Soma, Jotham. Tena kwa sauti, maana nina sikio moja."

Nikazisoma zote, pembe hii na pembe ile, bila kukosea hata moja. Akainamisha kichwa akaanza kushona.