Miwati Ilipochanua

Picha ya kumi na saba ilitoka kama kumi na sita zilizoitangulia: ukungu mtupu wa manjano. Thelma aliifuta, akapiga goti tena mbele ya mwati, mti wa vishada vya maua ya manjano, uliochanua, akabana pumzi. Hewa ilitulia kiasi kwamba hata jani halikucheza. Kilichocheza ni mikono yake.

"Bibi wee, leo unapiga picha ya upepo?" Ailsa aliuliza kutoka ng'ambo ya kijia, pasipo kubandua jicho kwenye kamera yake.

Kwa miaka kumi na mmoja sasa, kila Jumamosi ya kwanza ya Septemba, mwezi ambao huku kusini mwa dunia baridi huanza kupisha machipuo, wanawake hawa wawili walikuja kwenye bustani ya mimea ya Hobart kupiga picha za maua ya kwanza, wakati mlima ulio juu ya mji bado umejitanda theluji na mikono haitoki mifukoni kwa hiari. Kabla ya kustaafu walikuwa wauguzi wa wodi moja. Ailsa alikuwa na ulimi wa upupu na moyo wa pamba. Thelma alikuwa mtu wa maneno machache, na wagonjwa waliigombea sindano yake kwa kuwa mkono wake haukujua kutetemeka.

Leo ulitetemeka. Walipofika kwenye maua ya magnolia alisema mwanga ni mbaya; walipofika kwenye kamelia alitaka warudi kwenye magnolia. Kila baada ya hatua tano alichungulia saa, kisha akaivutia mkono wa sweta kana kwamba imemtukana.

Saa nne na nusu Ailsa alifunika lenzi, akaketi kwenye benchi, akamimina chai, akatangaza kwamba hatabanduka pale hadi aelezwe kuna nini. Thelma akatoa simu, akampa asome.

Ujumbe ulitoka kwa Rohan, mwanawe wa pekee. Alikuwa akipitia Hobart siku hiyo. Ndege yake ya Melbourne ilikuwa ya saa saba, na kuanzia saa tano angekuwa kwenye mgahawa wa uwanja wa ndege. Basi. Salamu hakuna, wala neno mama.

Ailsa aliijua habari yenyewe. Miaka tisa nyuma, Rohan alirudi nyumbani amelewa, taa moja ya gari imepasuka, akamsihi mama yake aseme kwamba hakutoka kutwa. Polisi walipobisha hodi, Thelma alikwisha kusikia redioni juu ya binti aliyegongwa na kuachwa barabarani. Akasema kweli. Rohan alifungwa miezi kumi na minane, na alipotoka hakukanyaga tena kwa mama yake. Binti alipona nusu. Thelma humwona dukani mara moja moja na mkongojo wake, na kila amwonapo hujua kwamba angeulizwa tena angejibu vilevile. Kweli ilimwacha msafi, ikamwacha pia na meza ya mtu mmoja.

"Anataka nimwombe radhi," Thelma alisema. "Nami siwezi. Nikiomba nitakuwa nimemdanganya yeye na yule binti pia."

Ailsa akamrudishia simu. "Radhi ameiandika wapi? Mimi nimesoma saa na mahali."

"Na akinitukana mbele za watu?"

"Utakuwa umetukanwa na mwanao. Miaka tisa hii hata tusi lake hujapata."

Thelma aliinuka. Alitembea hadi mwisho wa kijia, akarudi, akaenda tena. Alimkasirikia rafiki yake, kisha akagundua kwamba anajikasirikia mwenyewe. Tangu asubuhi alikuwa akiomba muda upite: saa tano igonge, saa saba igonge, ndege iruke, naye aweze kujiambia kwamba mambo yalijiamulia yenyewe. Wodini aliwadharau madaktari wa namna hiyo, wale waliozunguka mlango wa mgonjwa mpaka kusiwe tena na la kuamua. Nyuki mmoja alizama ndani ya kamelia, akatoka, akazama katika nyingine. Thelma alimtazama bila kuinua kamera.

"Gari lako liko wapi?" akauliza.

Kwenye daraja la kwenda uwanja wa ndege walikuta foleni. Ailsa alizungumzia miche yake ya nyanya njia nzima, bila kituo, na Thelma akamshukuru kimoyomoyo. Saa sita na dakika kumi akashushwa mlangoni pa uwanja, Ailsa akaenda kutafuta pa kuegesha.

Mgahawani, Rohan alikuwa ameshasimama, mkoba begani. Ndevu zake zilikuwa na mvi. Hilo Thelma hakulitarajia. Alikuwa na sentensi aliyoinoa kwa miaka tisa, juu ya haki na dhamiri, akaitafuta asiione.

"Nilidhani huji," Rohan alisema.

"Hata mimi nilidhani siji."

Rohan hakumkumbatia wala hakusogea. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko aliousahau. Kisha akashusha mkoba, akauweka chini, akavuta kwa mguu kiti cha upande wa pili, kidogo tu, kiasi cha mtu kupita.

Kipaza sauti kiliita abiria wa ndege nyingine. Thelma akavua koti.